Daftari la Maji: Kutoka Roda Hadi Nyanza

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mithali hii aghalabu hutajwa dukani, mahali ambapo mwenye duka huandika kila senti iingiayo na kila senti itokayo. Lakini iko mali kubwa kuliko mali ya dukani, nayo ni maji. Yakipungua, watu hufa njaa. Yakizidi, huchukua nyumba, mifugo na mazao. Ndiyo maana tangu zamani sana serikali zilizotaka kudumu zimejitwika kazi ya kuandika habari za maji: yamepanda kiasi gani, yameshuka lini, nani ameruhusiwa kuyatumia na nani amezuiwa.

Katika insha hii tutalitazama daftari moja la namna hiyo, yaani daftari la Mto Naili, ambalo ni mojawapo ya kumbukumbu ndefu kabisa za mto zilizopata kuandikwa duniani. Tutaona jinsi lilivyoanzishwa, jinsi lilivyotumiwa kwa haki na kwa dhuluma, na jinsi linavyotuhusu sisi wakazi wa Kenya, ambao mito yetu ya magharibi ni sehemu ya mto huo huo.

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi Naili inavyopata maji yake. Mto huu una matawi mawili makubwa. Tawi la kwanza, Naili ya Buluu, huteremka kutoka milima ya Ethiopia. Mvua kubwa ya huko hunyesha kuanzia mwezi wa Juni hadi Septemba, na maji yake ndiyo yaliyokuwa yakileta gharika ya kila mwaka katika nchi ya Misri. Tawi la pili ni Naili Nyeupe, litokalo katika maziwa makuu ya Afrika ya Mashariki. Maji yake ni machache kuliko yale ya Ethiopia, lakini hayakatiki. Hutiririka mwaka mzima, wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Basi gharika ya Misri ilikuwa zawadi ya Ethiopia, na maji ya chini yaliyobaki mtoni kabla ya gharika kufika yalitegemea sana mvua ya kwetu.

Wamisri wa kale walianza kuandika urefu wa gharika mapema mno. Katika mji wa Palermo, nchini Italia, limehifadhiwa jiwe jeusi lililovunjika, ambalo juu yake yamechorwa majina ya wafalme wa kwanza wa Misri na mambo yaliyotukia katika kila mwaka wa utawala wao. Chini ya habari za sikukuu na vita, yapo maandishi ya urefu wa maji ya mto kwa mwaka ule, kwa hesabu ya dhiraa, viganja na vidole. Wafalme waliotajwa katika jiwe hilo walitawala zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Yaonekana kwamba kwa watu hao kimo cha maji kilistahili kuandikwa karibu na jina la mfalme, kwa kuwa mfalme asiye na mavuno hana ufalme.

Baada ya Waarabu kuiteka Misri katika karne ya saba, kazi hii iliendelea. Mwaka 861, kwa amri ya Khalifa al-Mutawakkil, kilijengwa kipimo kikubwa cha maji katika kisiwa cha Roda, mahali palipo sasa ndani ya mji wa Cairo. Waarabu walikiita Mikyasi, maana yake kipimo. Kilijengwa mfano wa kisima kipana chenye kuta za mawe na ngazi za kushukia hadi chini. Katikati imesimamishwa nguzo ya marumaru yenye pande nane, iliyochongwa alama za dhiraa, na dhiraa zikagawanywa kwa vidole. Maji ya mto yaliingia kisimani kwa mifereji mitatu iliyopita chini ya ardhi, hata yakatulia na kusomeka bila kusumbuliwa na mawimbi. Nguzo hiyo ingali imesimama hata leo, ingawa kazi yake imekwisha.

Kipimo hakifai kitu bila mtu wa kukisoma. Kazi hiyo alipewa mtu aitwaye Abu al-Raddad, na baada yake wazao wake wakairithi kwa karne nyingi. Kila mwaka maji yalipoanza kupanda, msimamizi wa Mikyasi alishuka ngazi, akatazama alama, akaandika. Kisha wanadi walitumwa mitaani kutangaza ni vidole vingapi vimeongezeka tangu jana. Watu wote walingoja kusikia tarakimu moja, nayo ni dhiraa 16. Maji yalipofika hapo, mifereji ilifunguliwa kwa shangwe, kwa sababu ilijulikana kwamba mashamba yatapata maji ya kutosha. Yasipofika hapo, njaa ilikuwa karibu. Nayo yalipopita kiasi, hatari ilikuwa ya namna nyingine, maana yalivunja kingo na kugharikisha vijiji.

Tarakimu hiyo ilikuwa pia ya serikali. Kodi ya ardhi ilidaiwa kwa kufuata gharika. Mwaka ambao maji yalifika dhiraa 16, mkulima alitakiwa kulipa kodi kamili. Mwaka ambao hayakufika, alikuwa na haki ya kupunguziwa. Twaweza kusema kwamba nguzo ile ya marumaru ilisimama kama mwamuzi baina ya mkulima na mtoza kodi. Hakimu hawezi kumlaumu mkulima kuwa mvivu ikiwa nguzo yenyewe imeshuhudia kwamba maji hayakuja.

Lakini mwamuzi asiyeonekana na watu wote aweza kufichwa. Mwanahistoria al-Maqrizi ameeleza kwamba katika karne ya kumi Khalifa al-Mu'izz wa ukoo wa Fatimiya alikataza urefu wa maji usitangazwe hadharani mpaka yatakapofika dhiraa 16. Kabla ya hapo habari zilipelekwa kwake na kwa wakuu wachache tu. Sababu yake haikuwa mbaya. Siku ambazo maji yalikawia kupanda, wafanyaji biashara walificha nafaka ghalani wakingoja bei ipande, na watu maskini wakashikwa na hofu hata wakagombania mkate. Khalifa aliona kwamba habari iliyotoka mapema ilileta njaa kabla ya njaa yenyewe kufika.

Hapa pana swali kubwa ambalo halijaisha hata leo. Je, serikali iwafiche watu habari ya hatari ili wasiingiwe na hofu, au iwaambie ili wajitayarishe? Tuangalie yaliyofuata. Karibu miaka mia moja baadaye, katika utawala wa Khalifa al-Mustansir, Misri ilipatwa na njaa iliyodumu tangu mwaka 1065 hadi 1072. Mto ulipungua, na wakati huo huo askari wa khalifa walikuwa wakipigana wao kwa wao, hata mashamba na mifereji ikakosa mtu wa kuiangalia. Watu wengi mno walikufa. Alama za nguzo ya Roda zilionyesha wazi kwamba maji ni machache, lakini alama haziwezi kugawa nafaka wala kupatanisha majeshi. Daftari humsaidia yule aliye tayari kutenda kwa kulifuata.

Daftari laweza pia kuharibiwa na wenye kulishika. Kadiri miaka ilivyopita, tarakimu ya dhiraa 16 ikawa faida kwa watawala, kwa kuwa ndiyo iliyowapa ruhusa ya kudai kodi kamili. Wataalamu wa Kifaransa waliofuatana na Napoleon kwenda Misri mwaka 1798 waliichunguza Mikyasi, wakaona kwamba hesabu iliyonadiwa mitaani haikulingana na alama zilizoonekana nguzoni. Mnadi aliweza kutangaza gharika njema hali maji yalikuwa bado chini. Mkulima aliyekaa mbali na Cairo hakuwa na njia ya kushuka ngazi za kisima akajionee mwenyewe. Alilipa kwa ajili ya maji ambayo hayakufika shambani kwake.

Hata hivyo, kumbukumbu za Roda zilihifadhiwa, na baadaye zikawa na faida ambayo walioziandika hawakuidhania. Mwaka 1906 aliwasili Misri Mwingereza mmoja aitwaye Harold Edwin Hurst, akafanya kazi katika idara za serikali zilizohusika na mto kwa zaidi ya miaka hamsini. Alitaka kujua bwawa liwe kubwa kiasi gani ili liweze kuwalinda watu katika miaka ya ukame mrefu. Alizitazama hesabu za Roda za mamia ya miaka, pamoja na kumbukumbu nyingine za mvua na mito, na mwaka 1951 akatoa matokeo ya uchunguzi wake. Aliona kwamba miaka ya maji mengi hupenda kufuatana, na miaka ya maji machache vile vile. Mtu aliyekwisha kusoma kisa cha Yusufu na miaka saba ya shibe na saba ya njaa hatastaajabu sana. Lakini Hurst aliithibitisha habari hiyo kwa hesabu, na maana yake ni kubwa: mtu akitazama miaka thelathini au arobaini tu, aweza kudanganyika akadhani kwamba mto umetulia, kumbe yuko katikati ya kipindi kimoja cha mto wenye tabia mbili.

Sasa na tuje kwetu. Serikali ya kikoloni ilianza kupima kimo cha Ziwa Victoria upande wa Uganda mwaka 1896, kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Upimaji huo haukuanzishwa kwa ajili ya wavuvi na wakulima wa ufuoni peke yao. Waingereza walikuwa wakiitawala Misri, nayo Misri ilitegemea maji haya. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya Sudan na nchi zake za Afrika ya Mashariki, ilipatana na Misri kwamba haitajengwa kazi yoyote katika mto huu wala maziwa yake itakayopunguza maji ya Misri, ila kwa idhini ya Misri. Wenyeji wa Nyanza, Buganda na Ukerewe hawakuulizwa. Haishangazi kwamba mwaka 1962 serikali ya Tanganyika huru ilitangaza kwamba haifungwi na mapatano hayo.

Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls huko Jinja, mahali pekee ambapo maji ya ziwa hutokea kuingia Naili. Bwawa lilijengwa ili kuipa Uganda umeme, lakini sharti liliwekwa: maji yatakayofunguliwa yawe sawa na yale ambayo yangepita yenyewe kama bwawa lisingekuwapo. Kwa kimo hiki cha ziwa, kiasi hiki cha maji; kwa kimo kile, kiasi kile. Mhandisi wa Kimisri aliwekwa Jinja ili ashuhudie kwamba sharti linafuatwa. Twaona hapa desturi ya Roda imerudi kwa sura mpya, maana kipimo cha maji kimekuwa tena mwamuzi, safari hii baina ya mataifa.

Miaka saba tu baadaye mwamuzi huyo alijaribiwa. Baada ya ukame mkali, mwishoni mwa mwaka 1961 ilinyesha mvua ambayo haikupata kuonekana tangu vipimo vilipoanza. Mito ya Kenya ilifurika toka Nzoia hadi Tana, madaraja yakachukuliwa, na vijiji vikatengwa. Kwa kuwa siku za uhuru zilikuwa zimekaribia, wengi waliyaita mafuriko ya Uhuru. Ziwa Victoria likaanza kupanda, likaendelea kupanda mwaka uliofuata na mwingine, hata mwezi wa Mei 1964 likawa limepanda karibu mita mbili na nusu.

Mwanafunzi mwenye kalamu aweza kujihesabia mwenyewe. Eneo la ziwa ni kilomita za mraba 68,000 hivi. Ongezeko la mita mbili na nusu ni sawa na kilomita za ujazo 170. Misri na Sudan zilipogawana maji ya Naili katika mapatano ya mwaka 1959, zilikadiria kwamba yanayopita Aswan kwa mwaka mzima ni kilomita za ujazo 84. Kwa hiyo, katika muda wa miaka mitatu hivi, Ziwa Victoria peke yake liliweka akiba ya maji yanayotosha Naili ya miaka miwili. Maji yaliyotoka Jinja yaliongezeka karibu maradufu, na kule kusini mwa Sudan vinamasi vya Sudd vikapanuka sana, vikameza malisho ya Wadinka na Wanuer pamoja na ng'ombe wao wengi. Mvua iliyonyesha juu ya Nyanza iliua mifugo katika nchi ya mbali.

Kabla ya 1961 wahandisi walikuwa na kumbukumbu za ziwa za miaka sitini na mitano. Si muda mfupi, lakini haukutosha. Ziwa lilikuwa limeonyesha tabia yake moja, na ile ya pili haijaandikwa. Mafunzo ya Hurst yalitimia mbele ya macho ya watu.

Yafaa tukumbuke kwamba alama ya Mei 1964 iliandikwa. Katika kipimo cha Jinja ilikuwa mita 13.41. Ilibaki katika madaftari ya serikali, na kila aliyetaka aliweza kujua kwamba ziwa limewahi kufika hapo. Lakini maji yaliposhuka polepole, watu walisahau. Mwaka 2006, kwa sababu ya ukame, na pia kwa sababu maji yaliyofunguliwa Jinja kwa ajili ya umeme yalizidi kiasi cha sharti la zamani, ziwa lilishuka hadi kimo cha chini ambacho hakijaonekana kwa miaka themanini hivi. Magati yalibaki juu ya matope. Ardhi iliyoachwa wazi ikalimwa, ikajengwa nyumba, maduka na hoteli. Kisha mvua zikarudi, na mwezi wa Mei 2020 maji yakaipita ile alama ya 1964. Mwaka 2024 yakapanda juu tena. Waliopoteza nyumba zao ufuoni walisema kwamba ziwa limewavamia. Lakini daftari lilionyesha kwamba ziwa lilirudi mahali lilipokuwa limekaa zamani.

Hali ni hiyo hiyo katika Mto Nzoia. Mto huu hushuka kutoka milima ya Cherangani na Elgon, ukaingia ziwani katika nchi tambarare ya Budalang'i. Serikali ilijenga kuta za udongo kando ya mto ili kuwalinda wakazi. Mwaka 2003 na mwaka 2008 kuta hizo zilipasuka, na maelfu ya watu wakahamia kambini na shuleni. Mithali husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko Budalang'i maneno hayo ni kweli kwa kila herufi. Ukuta wa udongo hudhoofishwa na kwato za ng'ombe, mizizi na mashimo ya wanyama, hivyo huhitaji kukaguliwa na ukaguzi huo kuandikwa kila msimu. Aidha, mto wenyewe huhitaji kusomwa huko juu, ili watu wa chini wapate habari kabla ya maji kufika. Kazi hiyo hufanywa na wasomaji wa vipimo, aghalabu wenyeji wa mahali hapo, ambao hutazama ubao wa alama asubuhi na jioni na kuandika waliyoyaona. Mshahara wao ni mdogo. Katika miaka ambayo fedha zilikosekana, vituo vingi viliachwa, bao zikachukuliwa na mafuriko, na kurasa za daftari zikabaki tupu. Ukurasa mtupu hauonyeshi hasara yake siku unapoachwa. Huionyesha siku ambayo mhandisi anataka kujua ukuta uinuliwe kiasi gani, asipate jibu.

Sheria za Kenya za leo zimejaribu kuyatengeneza mambo haya. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilitenganisha kazi ya kuangalia mito, maziwa na visima na kazi ya kuangalia ugawaji wa maji mijini na vijijini, nayo sheria iliyofuata mwaka 2016 ikaendeleza utaratibu huo. Mtu anayetaka kuchimba kisima kikubwa au kujenga bwawa sharti apewe kibali, na kibali hicho kiandikwe. Kampuni zinazouza maji hutakiwa kutoa hesabu ya maji waliyoyatoa na yale yaliyopotea njiani kwa mabomba mabovu na kwa wizi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Na kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Ukiviweka vifungu hivi viwili pamoja, utaona kwamba lile swali la Khalifa al-Mu'izz limepewa jibu. Haki ya maji haina nguvu ikiwa daftari la maji limefungiwa kabatini. Khalifa alihofu kwamba watu wakijua watafanya fujo, na huenda alikuwa na sababu katika siku zake. Lakini mkulima wa Misri aliyelipa kodi ya gharika ya uongo, na mkazi wa ufuoni aliyejenga chini ya alama ya 1964, wote wawili waliumizwa na kutojua. Mnadi wa Cairo alitangaza vidole vya maji kwa sauti mtaani. Sisi tunaweza kutangaza kwa redio, kwa simu na kwa mbao za matangazo za chifu. Linalotakiwa ni kwamba anayesoma kipimo asome kweli, anayeandika aandike kweli, na anayetangaza asingoje mpaka habari iwe njema.

Wako wanafunzi wadhaniao kwamba historia ni habari za wafalme na vita tu. Yule mtumishi wa Roda aliyeshuka ngazi na kuandika vidole vya maji hakushinda vita yoyote, lakini maandishi yake yalisomwa na wataalamu miaka elfu moja baadaye, na wajenzi wa mabwawa wakayatumia. Katika sehemu nyingi za Kenya uko ubao wa alama uliosimamishwa mtoni, chini ya daraja au karibu na kivuko. Mwanafunzi apitapo hapo, na ausome. Kisha awaulize wazee wa mahali hapo maji ya mwaka 1961 yalifika wapi, maana wanaoyakumbuka wanapungua kila mwaka. Jibu lao na liandikwe pamoja na tarehe na jina la mahali, kabla ya mtu mwingine kununua kiwanja pale pale.